Siku Anselmo Archuleta Hakupiga Kura

Simu iliita wakati Anselmo Archuleta anamenya maganda ya pilipili alizokuwa amezichoma jikoni, na vidole vyote vinamwasha. Alijifuta kwenye aproni ya marehemu mkewe, akapokea.

"Padrino? Ni mimi, Belén."

Anselmo akavuta kiti. Belén Baca alikuwa binti yake wa ubatizo, ndiyo maana alimwita Padrino, baba wa ubatizo. Yeye ndiye aliyemshika mikononi kanisani padri alipommwagia maji, na tangu siku hiyo yeye na baba wa mtoto, Casimiro, waliitana kompadre. Kwa watu wa kwao, Las Jarillas, neno hilo si la mchezo. Ndugu wa tumbo moja wanaweza kununiana, kutukanana na hata kupelekana mahakamani, lakini makompadre hawagombani. Ndivyo walivyolelewa. Na bado Casimiro alikuwa hajasema naye neno kwa miaka kumi na minane.

"Kuna nini, mwanangu? Baba yako?"

"Baba yuko vilevile. Anakohoa, anagomba, dawa anazitupa kwenye chungu cha maua anadhani sioni. Padrino, nimeamua kugombea. Kile kiti chako."

Kiti hicho Anselmo alikiacha mwenyewe magoti yalipokataa ngazi za Bunge la jimbo. Sasa alikikalia mwuza matrekta mmoja ambaye hakuna aliyekumbuka amewahi kusema nini humo ndani.

"Utakiweza," alisema Anselmo. "Utakiweza kuliko mimi."

"Nimemwambia Baba. Anasema hanipi baraka zake mpaka aonane na wewe kwanza."

"Kasema hivyo? Kanitaja?"

Belén alishusha sauti. "Kasema, 'Mlete Mheshimiwa.'"

Basi Anselmo akajua kwamba hakuna kilichobadilika. Tangu ile Alhamisi, Casimiro aliacha kumwita kompadre. Alipolazimika kumtaja alimwita Mheshimiwa, kama mtu anayetaja maradhi yake.

"Nakuja," alisema.

Nyumba ya akina Baca ilikuwa ng'ambo ya mto, na barabara ilipita katikati ya mashamba. Ulikuwa msimu wa kuvuna viazisukari. Malori yaliyojaa yalikwenda kwenye kiwanda cha sukari yakiangusha viazi kila penye kona, na harufu ya kiwanda, tamu na chafu kwa pamoja, ilikuwa imekaa juu ya bonde lote. Anselmo aliendesha polepole kama kawaida yake. Madereva wa malori walimpigia honi, na wawili watatu walipomtambua waliinua mkono kumsalimu. Wazee walimjua kama mbunge wao. Vijana walijua kuwa jina lake liko ukutani mwa kliniki.

Aliyemwingiza kwenye siasa alikuwa Casimiro. Wakati huo Anselmo alikuwa kinyozi, na katika jimbo lile hapakuwa na mtu wa jina la Kihispania aliyewahi kukaa Bungeni, ingawa watu wa majina hayo walilima bonde lile kabla jimbo lenyewe halijapewa jina. Casimiro alilileta wazo hilo Jumamosi moja, amekaa kwenye kiti cha kunyolewa, uso mzima povu.

"Wewe unajua kusikiliza, kompadre. Kinyozi kutwa anasikiliza. Kule wamejaa wasemaji watupu. Tuwapelekee mtu mmoja mwenye masikio."

"Usitingishe kidevu, nitakukata."

"Nikate. Ila ukishanikata, kubali."

Casimiro alifunga spika juu ya lori la kubebea viazi, akazunguka nalo bonde zima. "Mpeni kura Anselmo Archuleta!" alipaza sauti mbele ya kila kanisa. "Hanywi! Hachezi dansi! Hana hata mbwa! Mtu wa namna hiyo mpeni kazi ya serikali, hana kingine cha kufanya!" Eufemia, mke wa Anselmo, alicheka mpaka akakaa chini kando ya barabara, mikono tumboni. Wanawake waliotoka misa walimwuliza kama ni kweli mumewe hachezi dansi, naye akasema ni kweli, amemvumilia kwa hilo tangu siku ya harusi. Anselmo alishinda kwa tofauti ya kura chache sana, na usiku ule Casimiro alimchezesha dansi kwa nguvu katikati ya duka la kinyozi, wamekanyaga nywele za watu.

Bungeni alianza kwa njia yake mwenyewe. Hakuwa amesoma shule ndefu, kwa hiyo alisoma kitabu cha kanuni kutoka mwanzo hadi mwisho, kisha akaanza upya. Wenzake walimtania kuhusu mkasi. Mmoja alimwambia waziwazi kwamba watu wa kwao humpigia kura yeyote anayewanunulia bia. Anselmo alirudi kwenye kitabu chake. Aliona kwamba mtu akiwa wa kwanza, kila anachofanya kinaandikwa kwa jina la wote waliomtuma.

Aliyemweleza mambo ambayo hayakuwa kitabuni alikuwa mpinzani wake. Warren Lindquist alitoka kaskazini, alikuwa na mashamba makubwa ya viazisukari, na alipinga karibu kila kitu alichokitaka Anselmo. Lakini alimpinga akimtazama machoni, na hakuwahi kumtania juu ya mkasi.

"Kitabu hicho kizuri," Lindquist alimwambia siku moja kwenye korido. "Lakini humu ndani tunaendeshwa na kitu kimoja. Mtu akisema ndiyo, ni ndiyo. Mimi nikivunja neno langu, watasema Lindquist ni mwongo. Wewe ukivunja lako..." Akaishia hapo.

"Watasema Wameksiko ni waongo," Anselmo akamalizia.

"Si mimi niliyepanga iwe hivyo, Archuleta."

"Najua."

Maneno yale yalimwingia, na alikaa nayo.

Kazi aliyotumwa aliijua tangu mwanzo. Kabla hajaondoka kwenda kuapishwa, Casimiro aliingia kinyozini na jembe la kupalilia, akaliweka juu ya meza kati ya chupa za mafuta ya nywele. Mpini wake haukufika urefu wa mkono kutoka kiwiko hadi vidole. "Hii ndiyo kazi yako," alisema. "Shule baadaye. Barabara baadaye." Wenye mashamba walipenda jembe lile kwa sababu msimamizi aliweza kukaa garini kando ya barabara na kujua nani anafanya kazi na nani amepumzika: aliyesimama wima amepumzika. Basi watu walipunguza miche ya viazisukari wakiwa wameinama tangu alfajiri, mstari baada ya mstari. Casimiro alianza kazi hiyo akiwa mtoto. Alipofika makamo alikuwa anashuka kwenye lori kwa ubavu, akishikilia mlango, kama mtu anayeshuka ngazi gizani.

Muswada wa Anselmo ulikuwa mfupi kama jembe lenyewe: mwajiri asimpe mtu jembe ambalo hawezi kulitumia amesimama. Aliuzungusha kwa wabunge mmoja mmoja, vikao viwili, bila haraka. Wengine aliwanyoa nywele bure huku akiwaeleza. Mwishowe aliona kura zinatosha. Zilitosha kwa kura moja.

Hapo ndipo Lindquist alipomfuata kwenye korido, kofia mkononi.

"Mke wangu, Ingrid, anapasuliwa Alhamisi," alisema. "Ni hospitali ya mbali, nje ya jimbo. Nataka niwe naye. Utakuwa jozi yangu?"

Desturi hiyo haikuwa kitabuni. Mbunge mwenye shida alitafuta mmoja wa upande wa pili, wakapeana mikono, na siku ile wote wawili hawakupiga kura, ili asiyekuwepo asiuponze upande wake. Hakuna karatasi wala shahidi. Muswada wa jembe ulikuwa umepangwa wiki iliyofuata. Alhamisi ilikuwa ya madaraja na leseni za uvuvi. Anselmo alimtazama yule mtu mrefu, macho mekundu kwa kukosa usingizi, akampa mkono. Hakumwuliza mtu yeyote kwanza. Haikumjia akilini kwamba kuna wa kuulizwa.

Jumatano jioni Spika alibadilisha ratiba. Theluji ilitabiriwa milimani, wabunge walitaka kuwahi nyumbani, na muswada wa jembe ukaletwa mbele, Alhamisi ileile. Mbunge mmoja aliyemwahidi Anselmo kura alikuwa ameshaondoka kuiwahi theluji, na ile kura moja ya ziada ilikwenda naye. Pengine ilikuwa theluji kweli. Pengine kuna aliyepiga hesabu. Anselmo hakuwahi kujua, na kwa kuwa hakujua, hakumsingizia mtu.

Casimiro alilisikia kwenye redio. Alhamisi asubuhi roshani ya wageni, juu ya ukumbi, ilijaa watu wa Las Jarillas waliosafiri kwa basi, wamevaa mashati ya misa. Casimiro alikaa mbele kabisa, kofia magotini, na Belén pembeni yake, msichana wa miaka kumi na miwili aliyekuwa tayari amepalilia msimu mmoja. Casimiro alipomwona Anselmo akiingia alimkonyeza jicho.

Delaney, mwanasheria mnene wa chama chao, alimvuta Anselmo pembeni. "Piga kura, bwana! Hiyo jozi ilikuwa ya madaraja na samaki!"

"Sikumwambia hivyo. Nilimwambia Alhamisi."

"Basi mpigie simu!"

Alipiga. Muuguzi alimwambia kwamba Bwana Lindquist yuko na mkewe na hawezi kuitwa.

"Atakuelewa," Delaney alisema, jasho linamtoka. "Yule ni muungwana."

"Ndiyo shida yenyewe."

Majina yaliitwa kwa herufi, na Archuleta lilikuja mapema. Anselmo alisimama. "Nipo. Nimefungana jozi na mheshimiwa wa kaskazini. Sipigi kura." Akakaa. Kisha ilimbidi asikilize majina mengine yote, mpaka la mwisho, na kwa jina la mwisho kura zikalingana. Muswada uliolingana kura ulikuwa umeanguka. Karani aliuliza kama yupo mbunge anayetaka kubadilisha. Hilo lilikuwa kitabuni. Delaney alimfinya paja chini ya meza mpaka likapata alama. Anselmo alitazama mbao za meza yake, mistari yake ya kahawia, na hakuinua uso. Nyundo ikagongwa.

Zilibaki kura za madaraja na samaki, na Anselmo alibaki kitini ingawa hakuwa na kura ya kupiga. Alipotoka nje, basi lilikuwa limeshaondoka.

Jumapili alikwenda kwa Casimiro. Casimiro alikuja mpaka kwenye geti, asilifungue.

"Mheshimiwa kapotea njia?" alisema. "Kwa akina Lindquist ni kaskazini."

"Kompadre, nilikuwa nimetoa neno."

"Ndiyo. Na mimi uliponiahidi jembe ulikuwa umetoa nini, upepo?"

Akageuka, akarudi ndani kwa hatua zake za ubavu. Kuanzia hapo alikwenda kunyolewa mji mwingine, na mgongo ulipokataa safari, Belén alimnyoa. Alimnyoa vibaya, na Casimiro alizivaa nywele zile misa nzima, kiti cha mbele, ili kinyozi aliyekaa nyuma azione.

Ingrid Lindquist alifariki. Mumewe aliporudi alisimama Bungeni, akasema mbele ya wote kwamba hajapata kukutana na mtu mwenye neno kama Archuleta. Ukumbi mzima ulipiga makofi. Baada ya hapo milango ilifunguka. Walimpa uenyekiti wa kamati. Walimpa fedha za shule, na walimu waliozungumza lugha ya watoto. Kliniki ilipita kwa kura ya Lindquist mwenyewe. Hakuna aliyetaja tena bia. Lakini jembe fupi lilibaki shambani miaka sita zaidi, mpaka mbunge mwingine alipoliondoa kwa muswada uliofanana na wa kwanza karibu neno kwa neno. Na kliniki yenye jina lake, Anselmo alipoitembelea, ilikuwa imejaa migongo.

Belén alimfungulia mlango kabla hajabisha. Alikuwa mwanamke mzima sasa, mwalimu, na alipogeuka alifanya hivyo kwa mwili wote kwa sababu kiuno hakikumruhusu kugeuka nusu. Anselmo aliona kila mara, na kila mara alitazama pembeni.

"Baba amevaa shati safi," Belén alinong'ona. "Usimwambie nimekwambia."

Casimiro alikuwa kitandani karibu na dirisha, ameegemezwa mito mitatu. Alikuwa amekonda. Macho tu ndiyo yaliyobaki yaleyale.

"Umezeeka, Mheshimiwa," alisema.

"Na wewe hujambo."

"Mimi sikuzeeka, mimi nilivunjika. Kaa. Si hapo, hapo siwezi kukuona bila kugeuka."

Anselmo alihamisha kiti. Belén alisimama mlangoni.

"Mtoto huyu anataka kwenda kule," Casimiro alisema. "Ana akili. Hasikii la mtu, kwa hiyo ataweza. Mimi kumpigia debe siwezi tena, lori liliuzwa. Lakini kabla sijasema ndiyo nataka nikuulize mbele yake. Siku kama ile ikimfika, afanye nini?"

Anselmo alifikiri. Hakuzoea kujibu upesi, na swali hili alikuwa amelibeba muda mrefu kiasi kwamba lilikuwa limechakaa mikononi mwake. "Apige kura," alisema.

"Ahaa!" Casimiro alicheka, na kicheko kikageuka kikohozi. Belén akamletea maji, akayasukuma. "Apige kura! Sasa unasema. Sasa, kura hiyo haina mtu aliyekaa juu anaisubiri. Umesikia, Belén? Huyu bwana alituacha na jembe miaka sita, kumbe haikuwa lazima!"

"Baba."

"Mwache aseme. Mimi miaka yote hii nimejilaza hapa nikidhani, sawa, alituumiza, lakini angalau alijua kwa nini. Nilikuwa namchukia mtu mwenye sababu. Leo anakuja hapa ananiambia hata sababu hakuwa nayo."

"Sababu nilikuwa nayo," alisema Anselmo. "Walikuwa wanangoja nivunje neno, wapate kusema ndivyo tulivyo. Nilifikiri nikilishika, watakaokuja baada yangu hawataanza pale nilipoanzia mimi. Na ni kweli hawakuanzia pale. Belén akiingia hakuna atakayemwuliza habari za bia."

"Kwa hiyo ilikuwa sawa?"

"Sikusema sawa."

"Basi sema moja, mwanamume wewe! Unanyoa upande huu, unanyoa upande ule, kichwa hakiishi!"

Belén aliziba mdomo. Hata Anselmo nusura atabasamu, na kwa muda mfupi sana chumba kile kilikuwa kama duka la kinyozi la zamani. Kisha ikapita.

"Mimi sikukukasirikia kwa kukaa," Casimiro alisema, kwa sauti ya chini. "Watu wanakaa. Mtu anaogopa, mtu anachanganyikiwa. Nilikutazama kutoka juu. Karani aliuliza nani anabadilisha, na mimi nikasema moyoni, sasa atatutazama. Hata kama atakaa, atatutazama kwanza. Ukatazama meza. Nilikuwa nimemshika huyu mtoto mkono, nikamwambia, ngoja, Padrino wako atainua uso. Hukuinua uso hata mara moja."

Anselmo alitazama mikono yake. Bado ilikuwa inawasha pilipili.

"Ningeinua uso," alisema, "ningesimama."

Nje lori lilipita, vioo vya dirisha vikatetemeka.

"Najua," Casimiro alisema. "Nilijua palepale. Ndiyo maana sikuweza kukusamehe, Anselmo. Ulijua njia ya kutoka iko wapi, ukaifumbia macho."

Lilikuwa jina lake tu, si kompadre wala Mheshimiwa, na Anselmo hakujua alichukulie vipi. Alitaka kusema kwamba anajuta. Lakini aliona kwamba neno hilo, likitamkwa chumbani mle, lingemtaka mgonjwa ajibu, na mgonjwa alikuwa amechoka. Akalimeza.

Casimiro alijaribu kujigeuza, uso ukakunjamana kwa maumivu. Anselmo aliinuka upesi, akanyoosha mikono.

"Wewe acha," Casimiro alisema. "Belén anajua."

Belén alipita kati yao, akaingiza mkono chini ya mgongo wa baba yake, akamgeuza taratibu kuelekea ukutani. Alipomaliza, yeye mwenyewe alishika kiuno na kusimama hivyo kidogo.

"Awe anakuja Jumamosi," Casimiro aliuambia ukuta. "Akufundishe mambo ya kule. Yale ya kitabuni na yasiyo ya kitabuni. Kuyajua anayajua. Mkae jikoni."

"Na wewe, Baba?"

"Mimi nitakuwa hapa. Nitakwenda wapi?"

Basi Anselmo akawa anakuja Jumamosi. Alikaa na Belén kwenye meza ya jikoni, kati yao bakuli la maharage na mikate ya tortilla iliyofunikwa kitambaa, akamfundisha kwa utaratibu: kamati zinavyogawanywa, Spika anavyoweza kuficha muswada bila kuupinga, nani wa kumwona kabla ya chakula cha mchana na nani baada yake. Belén aliuliza maswali makali, na Anselmo aliyapenda. Wakati mwingine walicheka. Mlango wa chumba cha Casimiro uliachwa wazi kidogo, na kikohozi chake kilisikika muda wote, lakini yeye hakutoka wala kuita. Anselmo alipofika alisema mlangoni, "Nimefika, kompadre," na hakujibiwa. Alipoondoka aliaga vilevile.

Theluji ya kwanza ilipoanguka, uchaguzi ulikuwa umepita na Belén ameshinda. Watu walikuja na vyungu vya supu ya mahindi na nyama, wakapiga gitaa barazani mpaka vidole vikafa ganzi. Casimiro alisikiliza kutoka kitandani. Jumamosi iliyofuata Belén na Anselmo walikuwa tena mezani, kwa mara ya mwisho kabla hajaenda kuapishwa.

"Hujanieleza habari ya jozi," Belén alisema.

"Unaijua."

"Naijua kutoka juu. Nieleze kutoka chini. Mtu akinijia na shida ya kweli, kama yule bwana, akanyoosha mkono, nifanye nini?"

Anselmo alifungua kinywa. Chumbani, kikohozi kilikuwa kimekoma. Alisubiri kidogo, na hakikuanza tena. Alisogeza kiti chake, akapandisha sauti kuliko kawaida yake.

"Mwambie akungoje," alisema. "Mwambie kura hiyo ina wenyewe, na wenyewe wako mbali, wengine wako shambani, na huwezi kuifunga bila kuwauliza. Mimi niliigawa kama yangu. Kosa lilikuwa pale koridoni, nilipotoa mkono. Kukaa kulikuja baadaye."

"Na kama hana muda wa kungoja? Kama mkewe anakufa?"

Anselmo alimkumbuka yule mtu mrefu na kofia yake. Alikuwa mtu mwema. Mpaka leo hakuweza kumfikiria vingine.

"Mwambie hivyohivyo," alisema. "Na itakuuma."

Kitanda kililia chumbani, kama mtu anayejaribu kugeuka peke yake. Belén alitaka kuinuka, kisha akabaki amekaa. Wote wawili walisikiliza. Kililia mara nyingine, kikatulia, na hapakuwa na sauti zaidi.

"Endelea, Padrino," Belén alisema.

Naye akaendelea, kwa sauti ileile ya juu, mpaka maharage yakapoa.